Fizikia ya kwanza chuoni Marekani ukiwa na hesabu kidogo: anza hivi

Naandika hii kwa mtu mmoja ambaye namjua vizuri, yule aliyesoma HKL au HGL nyumbani, ile michepuo ya historia na lugha, fizikia aliiachia form two, hesabu akaivumilia mpaka form four kwa sababu ni lazima, sasa hivi yuko Marekani anapiga shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee na ameamua arudi shule, komyuniti koleji (vile vyuo vya miaka 2 vya huku), asomee mambo ya afya, sijui eksirei, sijui fiziotherapia, afu kufungua orodha ya masomo anakuta fizikia imekaa katikati ya njia. Mimi nilikuwa huyo mtu. Nilikaa na ile orodha wiki 2 sijajisajili. Mwisho nikachukua, nikapita vizuri, na semista iliyofuata nikawa nakaa kwenye kile chumba cha msaada wa masomo nawaelekeza wengine, kwahiyo haya nimeyaona kwangu na nimeyaona kwa watu wengi baada yangu.

Kitu nilichokiona ni hiki: hesabu zinazotakiwa kwenye hii fizikia ni chache na zinajulikana, unaweza kuzimaliza wiki 3 kabla darasa halijaanza. Kinachofelisha watu ni kukimbilia fomula kabla hawajaelewa kwenye swali kunatokea nini. Nimeona wenye hesabu nzuri kabisa wanaanguka kwa hilo, na nimeona wa HKL wanapita kwa sababu wamezoea kusoma habari na kuielewa kwanza.

Kwanza hakikisha ni darasa lenyewe

Vyuo vingi huku vina fizikia za mwanzo za aina 3 na majina yanafanana, usijisajili kwa kusikia tu neno fizikia. Kuna ya dhana, hesabu karibu hamna, ni maelezo na majaribio. Kuna ya aljebra, ndio ninayoizungumzia hapa, kwenye orodha nyingi inaitwa College Physics. Halafu kuna ya kalkulasi, zile hesabu za juu za mabadiliko, mara nyingi inaitwa University Physics, hiyo ni ya mainjinia na wanaosomea sayansi yenyewe.

Ukienda njia ya afya, ya aljebra inatosha sehemu nyingi, hata ule mtihani wa kuingilia shule za udaktari huku, MCAT, fizikia yake haina kalkulasi. Lakini kama moyoni unataka uinjinia usichukue ya aljebra eti kwa sababu ni nyepesi, ukihamia chuo cha miaka 4 wanaweza wasikuhesabie na utarudia upya ile ya kalkulasi, hela imeenda na muda umeenda. Nenda kwa mshauri wa masomo na jina la programu unayotaka kuishia, sio na swali la jumla, muulize programu hii inataka fizikia ipi na semista ngapi, na akuandikie kwenye barua pepe ubaki nayo.

Angalia pia somo la hesabu linalotangulia. Mara nyingi wanataka uwe umepita aljebra ya chuo au mtihani wao wa kukupanga. Usilikwepe hilo hata kama kuna mlango wa kulikwepea.

Hesabu zenyewe, wiki 3 kabla

Ya kwanza, na ukiweza moja tu weza hii, ni kuhamisha herufi kwenye fomula. Spidi ni umbali gawanya kwa muda, sasa wanakupa spidi na umbali, wanataka muda. Mtu anaganda hapa. Ujanja niliokuwa nautumia ni wa namba ndogo: 6 = 2 × 3, kwahiyo 3 = 6 ÷ 2. Fomula yoyote ya kuzidisha vitu viwili inakwenda hivyohivyo, ukiwa na wasiwasi umehamisha sawa au la, weka 6, 2 na 3 mahali pa herufi uone kama bado inakubali. Fanya 20 kila siku kwa wiki nzima, mkono uzoee, manake darasani mwalimu anahamisha herufi 3 kwa pumzi moja na hasimami.

Ya pili ni namba za kumi na kipeo. Mwanga unakwenda mita 3 × 10⁸ kwa sekunde, kutoka juani mpaka duniani ni kama mita 1.5 × 10¹¹, gawanya unapata sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Kwenye kalkuleta hapa ndipo watu wanapopoteza maksi za bure. Ukiandika 1.5 × 10^11 ÷ 3 × 10^8 mfululizo bila mabano, kalkuleta inagawa kwa 3 halafu inazidisha kwa 10⁸, unapata namba ya ajabu kabisa. Tumia kile kitufe kilichoandikwa EE au EXP, kinaishika namba yote kama kitu kimoja. Na hiyo kalkuleta usitumie ya simu, nunua ndogo ya kisayansi na uitumie hiyohiyo toka siku ya kwanza mpaka fainali.

Ya tatu ni vipimo. Huku barabarani ni maili, uzito wa watu wanautaja kwa pauni, darasani ni mita na kilo. Kilomita kwa saa ukitaka mita kwa sekunde gawanya kwa 3.6. Kwahiyo 36 ni 10, 72 ni 20, 108 ni 30, hizo 3 ziweke kichwani. Na andika kipimo kila mstari, kila mstari, sio mwisho tu. Ukitafuta muda afu vipimo vyako vikakupa mita, ujue umekosea juu huko na umejua kabla mwalimu hajajua.

Ya nne ni pembetatu, sine, kosine na tanjenti, basi, hizo utambulisho ndefu za trigonometria hazihitajiki. Kabla ya kila mtihani bonyeza sine ya 30. Ikileta 0.5 uko sawa. Ikileta −0.988 kalkuleta yako iko kwenye rediani, kipimo kingine cha pembe, irudishe kwenye digrii. Nimemuona dada mmoja mwenye akili sana amefanya karatasi nzima ya vekta kwa kalkuleta iliyokuwa kwenye rediani, hatua zote sahihi, majibu yote mabaya.

Mengine, kama kusoma mteremko wa grafu na ile fomula ya kwadratiki, utayapata humohumo njiani.

Kitabu usikimbilie kununua. OpenStax, mradi wa Rice University kule Houston, wanatoa kitabu kizima cha fizikia ya aljebra bure kwenye intaneti, toka 2012 kipo. Na kuna PhET ya University of Colorado Boulder, michezo ya majaribio unayoichezea kwenye simu au kompyuta, ilianzishwa na Carl Wieman mwaka 2002, yule mshindi wa Nobel ya fizikia. Mengine yametafsiriwa mpaka Kiswahili. Ile ya saketi za umeme na ile ya kurusha vitu nilizichezea usiku kazini wazee wakishalala, zilinisaidia kuliko video.

Tatizo la neno nguvu

Hili sijaona mtu akilisema na kwangu ndio lilikuwa kubwa kuliko hesabu. Sisi kwa Kiswahili cha kila siku neno nguvu linabeba vitu vingi mno. Mtu ana nguvu, gari ina nguvu, umeme una nguvu, chakula kinatia nguvu. Fizikia inavitenganisha hivyo vyote na kila kimoja kina kipimo chake. Kusukuma au kuvuta ni kani, darasani wanaita fosi, kipimo chake nyutoni. Ule uwezo uliomo kwenye chakula, kwenye petroli, kwenye jiwe lililopandishwa juu, ni nishati, kipimo chake juli. Na ile haraka ya kuitumia nishati, juli ngapi kwa sekunde moja, ni pawa, kipimo chake wati. Watu wawili wamepandisha mifuko ileile ya saruji ghorofa ileile, mmoja kwa dakika 5 mwingine kwa dakika 20, mifuko imepata nishati sawa, lakini wa kwanza pawa yake ni mara 4. Ukishaitenganisha hiyo kwa Kiswahili, Kiingereza cha mwalimu kinakaa chenyewe.

Uzito ni hivyohivyo. Mfuko wa saruji tunasema una uzito wa kilo 50, fizikia inasema kilo 50 ni masi yake, uzito wake ni ile kani dunia inayoivuta, 50 × 9.8, nyutoni 490. Upeleke mwezini masi ni ileile 50, uzito unabaki kama sehemu 1 ya 6.

Na kazi. Mama amebeba ndoo ya maji kichwani anatembea barabara tambarare kwa mwendo uleule kilomita nzima, amechoka, jasho linamtoka, lakini ile kani anayoisukumia ndoo juu haijafanya kazi kwa maana ya fizikia, kwa sababu kani inaelekea juu na ndoo inakwenda mbele. Hii iliniuma nilipoisikia mara ya kwanza, nikaona kama dharau. Sio dharau, ni neno lile lile limepewa maana nyembamba. Kwahiyo tengeneza daftari dogo, kila neno jipya andika linavyosemwa mtaani na linavyosemwa darasani, mwisho wa semista utakuwa na maneno kama 40.

Swali lifanye hadithi kwanza

Hapa ndio penyewe. Chukua swali hili: daladala inakuja kwa kilomita 72 kwa saa, dereva anaona mbuzi barabarani anakanyaga breki, gari inapunguza mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Itasimama baada ya mita ngapi?

Mwenye haraka anafungua karatasi ya fomula anatafuta yenye herufi zinazofanana. Wewe weka kalamu ya fomula pembeni, sema hadithi kwa lugha unayoiotea ndoto. Mwanzoni gari ina mita 20 kwa sekunde. Kila sekunde inapoteza 5. Kwahiyo 20, 15, 10, 5, 0, imesimama baada ya sekunde 4. Imeshuka sawasawa kutoka 20 mpaka 0, kwahiyo kwa wastani ilikuwa inakwenda 10. Mita 10 kila sekunde kwa sekunde 4 ni mita 40. Umemaliza, na fomula hujaigusa.

Sasa chukua fomula uihakiki: spidi ya mwanzo kipeo cha pili, gawanya kwa mara mbili ya kupungua, 400 ÷ 10, ni 40. Chora na grafu, mstari unaoshuka kutoka 20 mpaka 0 ndani ya sekunde 4, chini yake ni pembetatu, eneo lake nusu ya 4 × 20, ni 40 tena. Njia 3 jibu moja, na sasa ile fomula unajua imetoka wapi, hata ukiisahau kwenye mtihani unaweza kuirudia kwa kuhesabu 20, 15, 10.

Halafu jiulize, angekuwa anakwenda 36 je? Yaani 10, 5, 0, sekunde 2, wastani 5, mita 10. Spidi nusu, umbali robo. Walimu wa huku wanapenda sana kuuliza hivyo, kitu fulani kikiongezeka mara 2 kingine kitaongezeka mara ngapi, na hayo maswali hayataki kalkuleta kabisa. Mimi toka siku niliyoifanya hii kwa mkono wangu siwezi kumtazama dereva anayekimbiza gari sehemu ya watoto nikakaa kimya.

Kila swali chora. Sio picha nzuri, kiboksi na mishale. Kila mshale ni kani, jiulize nani anasukuma na nani anasukumwa, kama huwezi kumtaja anayesukuma huo mshale ufute, haupo. Na andika pembeni upande upi umeuita chanya, juu au chini, usibadilishe katikati. Jaribu na embe: ukilirusha juu, pale juu kabisa kabla halijaanza kushuka spidi yake ni 0, lakini aksilaresheni yake, yaani spidi inavyobadilika kila sekunde, bado ni 9.8 kwenda chini, haijawahi kuacha hata kidogo. Ukielewa kwanini, umeshapita kitu kinachowakwaza watu semista nzima.

Kuchora sio njia ya wasiojua. Michael Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, shule aliiacha mapema akaenda kujifunza ufundi wa kujalidi vitabu London, hesabu za juu hakuwa nazo maisha yake yote, na mwaka 1831 ndiye aliyeonyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na waya inazaa umeme, ambayo ndio kazi ya jenereta mpaka leo. Alikuwa anafikiria kwa mistari aliyoichora kuzunguka sumaku. Mwanafizikia James Clerk Maxwell alikuja kuiweka ile mistari kwenye hesabu miaka ya 1850 na 1860.

Maabara

Usiichukulie kama sehemu ya kupumzika. Kwetu ilikuwa robo ya maksi zote, na ni maksi ambazo ukihudhuria na kuandika kwa uangalifu unazipata. Andika ulichokiona, sio ulichotegemea. Ukipata 9.3 mahali kitabu kinasema 9.8 acha 9.3 yako, kisha eleza ilitokana na nini, labda kidole kilichelewa kwenye saa, labda gurudumu linakwaruza. Mwalimu anatafuta hayo maelezo.

Mimi ni wa Tanga na hapa huwa namkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963 yuko sekondari ya Magamba, Lushoto, wanatengeneza aiskrimu, akaweka mchanganyiko wake kwenye friza ungali moto, ukaganda kabla ya wa mwenzake aliyeweka maziwa bila kuyachemsha. Akaambiwa amekosea. Hakuifuta. Alipofika Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne aliyekuja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza nao, Osborne akaenda kulijaribu, na 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida. Wanasayansi mpaka leo wanabishana kuhusu hilo jambo, na linaitwa kwa jina lake. Mwanafunzi wa sekondari, kwa sababu aliandika alichokiona.

Wiki yako na mitihani

Kozi ya krediti 4 inataka kama saa 8 za kusoma nje ya darasa kila wiki. Kwa mtu wa shifti za usiku ni nyingi, najua, kwahiyo usizitafute kwa mkupuo Jumapili, utalala juu ya kitabu. Mimi nilikuwa nafanya maswali 2 kila siku kabla ya kuingia kazini, nusu saa mpaka saa nzima. Na kuna kitu kimoja kilichobadilisha matokeo yangu: swali lililonishinda, nikishaona lilivyofanywa, kesho yake nalifanya tena kwenye karatasi tupu bila kuangalia. Kulielewa mwalimu akilifanya na kulifanya mwenyewe ni vitu viwili mbalimbali kabisa, na mtihani unapima hicho cha pili.

Wiki ya kwanza muulize mwalimu kama mtihani unaruhusu karatasi ya fomula. Wengi wanaruhusu. Ikiruhusiwa iandike mwenyewe kwa mkono, na pembeni ya kila fomula andika ni lini haifanyi kazi, kwa mfano zile za mwendo zinataka aksilaresheni isiyobadilika.

Nenda saa za ofisi za mwalimu, sisi wengi tunaona haya, tunaona kama tunamsumbua mzee wa watu. Huku ni kazi yake, anakaa pale kusubiri. Nenda na swali ulilolianza, muonyeshe ulipokwamia, usiende na karatasi nyeupe.

Na mapema kabisa tafuta kwenye kalenda ya chuo tarehe ya mwisho ya kujitoa. Kama mtihani wa katikati umekwenda vibaya sana na maabara nazo zimekupita, kujitoa kabla ya tarehe hiyo kunaacha W, yaani umejitoa, kwenye rekodi badala ya F, na W haishushi wastani wako. Ila kama unasomeshwa na hela ya serikali pita kwanza ofisi ya misaada ya fedha uulize itakugusaje, ndipo usaini.

Semista ya pili ikiwa kwenye programu yako, ni umeme, sumaku na mwanga. Tena umeme ndio utakusaidia nyumbani kabisa. Kikaushio cha nywele cha huku kimeandikwa wati 1500 kwa volti 120, kwahiyo kinavuta ampea 12.5, na ukinzani wake ni 120 ÷ 12.5, omu 9.6. Sasa mchukulie dada yako Dar zawadi, akakichomeka kwenye volti 230: 230 ÷ 9.6 ni kama ampea 24, zidisha kwa 230 unapata wati karibu 5500 kwenye kitu kilichotengenezwa kwa 1500. Fanya hiyo hesabu kabla hujafunga begi, afu mnunulie cha kulekule.